Somo: Jinsi ya kupata malalamiko ya watazamaji dhidi ya vituo vya habari Marekani

Mtazamaji wa Marekani akikerwa na taarifa ya habari, anaweza kulalamika FCC, tume ya serikali inayotoa leseni za redio na televisheni. Lalamiko likishapokelewa huwa kumbukumbu ya serikali. FOIA, sheria ya Marekani ya 1966 ya uhuru wa kupata habari za serikali, inampa mtu yeyote haki ya kuiomba, hata asiye raia.

Hatua ya 1: Anzia kwenye takwimu ambazo FCC yenyewe imeziweka mtandaoni. Utaona tarehe, aina ya lalamiko na jimbo, ila maneno ya mlalamikaji hayamo. Kama unataka idadi tu, huna haja ya kuendelea.

Hatua ya 2: Andika ombi, kwa Kiingereza. Hapa ndipo wengi hukwama. FOIA inatoa kumbukumbu, haijibu maswali, kwa hiyo "kwa nini kituo hakikuadhibiwa?" si ombi. Omba hivi: "Nakala za malalamiko, pamoja na maelezo ya walalamikaji wenyewe, yaliyopokelewa kuanzia 1 hadi 31 Machi 2024, yanayotaja WNBC, NBC 4 au chaneli ya 4 New York." Usiache hata jina moja la kituo. Mlalamikaji hujiandikia anavyojua, na wengi hawazijui herufi rasmi za kituo. Ukitaja WNBC peke yake, aliyeandika "chaneli ya 4" atakupita. Ongeza jina la kipindi na la mtangazaji.

Hatua ya 3: Taja kikomo cha malipo uliyo tayari kutoa, mfano dola 25. Mwombaji wa kawaida hupewa bure saa 2 za kutafuta na kurasa 100 za mwanzo. Mwandishi wa habari halipii utafutaji, hulipia nakala tu zikizidi kurasa hizo.

Hatua ya 4: Tuma kupitia foia.gov na utunze namba ya ombi. Muda wa kujibu ni siku 20 za kazi, na huongezwa 10 kukiwa na sababu maalumu. Ombi la "malalamiko yote ya miaka kumi" ndilo linalochelewa kuliko yote. Ligawe kwa miezi.

Majina na anwani za walalamikaji zitafunikwa kwa weusi kulinda faragha. Hilo ni halali. Lakini lalamiko zima likifunikwa, pinga.

MASWALI

Mkuu, nimejibiwa "hakuna kumbukumbu". Ndiyo basi?
Hapana. Una siku 90 za kukata rufaa tangu tarehe ya uamuzi. Eleza maneno gani hawakuyatafuta. Ofisi ya OGIS, iliyo chini ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, husuluhisha bure.

CNN na Fox News je?
Chaneli za kebo hazina leseni ya utangazaji ya FCC, ila malalamiko dhidi yao hupokelewa, kwa hiyo omba tu.

Na barua zilizokwenda kituoni moja kwa moja?
FOIA haigusi kituo binafsi. Zamani vituo vya biashara vililazimika kuweka barua hizo kwenye jalada la umma. FCC ililiondoa sharti hilo 2017.

Malalamiko mia tano, faini hakuna. Wanaficha?
Usiharakishe kusema hivyo. Kifungu cha 326 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinaikataza FCC kudhibiti yanayosemwa hewani, na lalamiko ni madai ya mtu mmoja, halijathibitishwa. Ukiyachapisha, andika "walilalamika kwamba", usiandike "kituo kilidanganya".