Jinsi ya kukagua mwamba mchanga kama unafaa kuhifadhi mafuta

Kipande cha mwamba mchanga kilichotolewa kisimani huulizwa maswali mawili: kina matundu kiasi gani kati ya chembe zake, na matundu hayo yameungana vipi. La kwanza ni uwazi, hupimwa kwa asilimia. La pili ni upenyevu, hupimwa kwa milidarsi, kipimo chenye jina la Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyechapisha mwaka 1856 majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga. Mwamba tope unaweza kuwa na uwazi mkubwa na usipitishe karibu chochote, kwa hiyo usiridhike na jibu moja.

Anza na macho

Vunja uso mpya, uloweshe kidogo, kisha utazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Chembe za mchanga zina kipenyo cha milimita 0.0625 hadi 2. Zilizo ndogo kuliko 0.004 ni udongo wa mfinyanzi. Angalia pia kama zinalingana ukubwa. Mto unapopungua kasi huangusha kokoto kwanza, kisha mchanga, na tope mwisho kabisa. Mawimbi ya ufukweni huendelea kupepeta hadi mfinyanzi uondoke. Ndiyo maana mchanga wa ufukwe na wa matuta ya upepo huwa na chembe zinazolingana, na ule uliomwagwa ghafla na mafuriko huchanganya kila kitu.

Ulinganifu una uzito kuliko ukubwa, angalau kwa uwazi. Tufe zenye ukubwa sawa zikipangwa kilegevu huacha nafasi ya 47.6%, zikibanwa kabisa huacha 26%, ziwe kubwa au ndogo. Zikichanganywa, ndogo huziba nafasi za kubwa. Upenyevu una kanuni nyingine: hufuata mraba wa kipenyo, hivyo chembe zikipungua hadi nusu, upenyevu hushuka hadi robo.

Tafuta kinachoziba

Mchanga uliotulia juzi huwa na uwazi wa karibu 40%. Uzito wa matabaka yanayoongezeka juu yake huzibana chembe, na vipande laini vya miamba hupondeka na kujipenyeza kwenye matundu. Baadaye maji yenye madini huacha saruji ya asili. Dondosha tone la asidi ya haidrokloriki ya 10%, ukiwa umevaa glavu na miwani. Likitoa povu papo hapo, saruji ni kalisaiti. Povu likija tu baada ya kukwaruza unga, fikiria dolomaiti. Lisipotoa povu, na mwamba ni mgumu wenye nyuso bapa zinazong'aa, huenda ni kwatsi, madini yanayounda chembe nyingi za mchanga, iliyoota juu ya chembe zenyewe, jambo linaloshika kasi joto likizidi nyuzi 70 hivi za Selsiasi.

Mfinyanzi unahitaji darubini ya elektroni, na inafaa kugharamia. Ilaiti, aina moja ya mfinyanzi, huota kama nywele na kuua upenyevu hata uwazi ukibaki mzuri. Kloraiti, aina nyingine, kinyume chake, ikizivika chembe mapema huizuia kwatsi kuota, na baadhi ya hazina za mafuta zilizo kina kirefu zimehifadhi uwazi wao kwa njia hiyo.

Pima uwazi

1. Osha mafuta kwa toluini, kisha chumvi kwa methanoli, ndani ya chemba ya kutolea mvuke.
2. Kausha hadi uzito usibadilike. Pima: tuseme gramu 50.0.
3. Nyonya hewa yote kwa pampu ya utupu, kisha ingiza maji. Mwamba wenye mfinyanzi unaovimba upewe maji ya chumvi au mafuta mepesi, na hesabu itumie msongamano wa kimiminika hicho.
4. Futa uso kwa kitambaa chenye unyevu, pima: 54.5.
5. Kining'inize ndani ya maji yaleyale, pima: 31.1.

Kwa maji safi, matundu ni 54.5 − 50.0, yaani sentimita za ujazo 4.5. Ujazo wote ni 54.5 − 31.1, yaani 23.4. Uwazi ni 19.2%. Sasa jihakiki: 50.0 ukigawa kwa 18.9 (ujazo wa chembe pekee, 23.4 − 4.5) unapata msongamano wa chembe wa karibu 2.65, ambao ndio wa kwatsi. Ukipata 2.4 kwa mchanga safi, hewa ilibaki ndani. Rudia hatua ya tatu.

Pima upenyevu

Kata kipande cha mwamba chenye umbo la silinda, cha kipenyo cha sentimita 2.5 au 3.8, sambamba na matabaka, na kingine wima, kwa sababu utando mwembamba wa tope hukatiza mtiririko wa wima. Gesi inayopitishwa kwa shinikizo dogo hutoa namba kubwa kupita kiasi, hivyo pima kwa shinikizo kadhaa kisha ufanye sahihisho la Klinkenberg, yaani kukadiria upenyevu ambao ungepatikana shinikizo likiwa kubwa mno. Kosa linalopotosha zaidi ni tanuri kali: nywele za ilaiti hulala na kujikunja, na mwamba huonekana bora maabara kuliko ulivyo ardhini. Ufa mmoja uliotokana na ukataji hufanya vivyo hivyo.

Geuza namba kuwa mafuta

Zidisha eneo, unene, uwazi na sehemu ya matundu isiyo na maji. Kilomita moja ya mraba, unene wa mita 20, uwazi wa 20% na maji 30% hutoa mita za ujazo milioni 2.8, kama mapipa milioni 17.6 yakiwa bado chini. Yakifika juu gesi hutoka na ujazo hupungua, na sehemu kubwa hubaki imeng'ang'ania matundu. Tena hesabu yote ina maana pale tu ambapo mwamba tope usiopitisha umefunika mchanga huo, na umbo la matabaka limeyazuia mafuta yasiendelee kupanda.