Kofia ngumu ya kisasa: lipia kwanza usalama wa kichwa

Ukiendesha pikipiki Goma na ukavutiwa na kofia ngumu yenye kamera, Bluetooth na ramani machoni, kumbuka kwamba kinachookoa kichwa ni ganda, povu la ndani linalobonyea ili kumeza kishindo, na mkanda uliokazwa chini ya kidevu. Tafuta alama ya ECE 22.06, yaani kiwango cha kimataifa cha usalama wa kofia za pikipiki, kisha uivae kofia dukani. Ikicheza unapotikisa kichwa, iache. Povu likishabonyea halirudi, hivyo baada ya ajali kofia hutupwa, na vifaa vilivyojengewa ndani hupotea nayo. Mimi ningenunua kofia imara ya kawaida yenye kioo cha kuzuia vumbi letu la mawe ya volkano, na fedha inayobaki imnunulie abiria kofia yake.