Kamba ya kuanikia nguo na mkazo wake: tupige hesabu hatua kwa hatua

Kila mwaka nikifika mada hii na kidato cha tatu huanza na swali moja. Dumu la lita 20 lililojaa maji limefungwa katikati ya kamba ya kuanikia nguo. Kila upande wa kamba unavutwa kwa kiasi gani, yaani mkazo wake ni kiasi gani? Karibu darasa zima hujibu: nusu ya uzito. Jibu hilo ni kweli pale tu pande zote mbili zinaponing'inia wima. Zikilala, hesabu ni nyingine kabisa.

Tuseme nguzo zimeachana mita 4 na kamba imebonyea sentimita 50 katikati. Lita 20 za maji ni kilo 20. Uzito wa dumu lenyewe tuuache. Tukichukua graviti kuwa 10, yaani nyutoni 10 kwa kila kilo, uzito ni nyutoni 200.

Hatua ya kwanza: chora fundo peke yake. Naikazia hii kuliko zote, kwa sababu makosa mengi ninayosahihisha hayatoki kwenye hesabu, yanatoka kwenye mchoro. Mwanafunzi huchora nguzo, kamba na dumu, kisha anajaza mishale kila mahali, na mwisho hajui upi unavuta nini. Weka nukta moja tu, ndilo fundo. Mshale mmoja uelekee chini, nyutoni 200. Mingine miwili ipande kushoto na kulia kufuata kamba. Kamba huvuta, haisukumi, kwa hiyo mshale wake daima hutoka kwenye fundo kwenda kule kamba ilikofungwa. Fundo limetulia, maana yake kani (nguvu za kuvuta) hizi tatu zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Huo ndio msawazo.

Hatua ya pili: tafuta pembe kutoka mstari wa mlalo. Kutoka nguzo hadi katikati ni mita 2, kubonyea ni mita 0.5. Kwa Pithagorasi, nusu ya kamba ni mita 2.06. Sini ya pembe, yaani kubonyea ukigawanya kwa nusu ya kamba, ni 0.5 ÷ 2.06 = 0.243. Ni kama digrii 14.

Hatua ya tatu: gawa kila mkazo uwe sehemu ya mlalo na sehemu ya wima. Kwenye mlalo, kushoto na kulia zinafutana, na kwa kuwa pembe ni sawa, mikazo nayo ni sawa, iite T. Kwenye wima, pande mbili zinasaidiana kubeba dumu:

2 × T × 0.243 = 200
T = nyutoni 412, kwa kukadiria

Kila upande unavutwa zaidi ya mara mbili ya uzito wa dumu zima! Sasa kaza kamba hadi ibonyee sentimita 10 tu. Sini inashuka hadi 0.05, na T inapanda hadi nyutoni 2000, sawa na kuning'iniza kilo 200. Ndiyo maana misumari hung'oka na nguzo huinama pale mtu anapotaka kamba yake inyooke. Na ikinyooka kabisa, sini ni sifuri: hakuna mkazo wowote, hata uwe mkubwa vipi, utakaolibeba dumu.

Pembe zisipolingana, njia ni ileile, ila milinganyo inakuwa miwili. Mfano, kushoto digrii 30 na mkazo T1, kulia digrii 60 na mkazo T2. Sehemu ya wima hutumia sini ya pembe, ya mlalo hutumia kosini. Mlalo: T1 × 0.866 = T2 × 0.5. Wima: T1 × 0.5 + T2 × 0.866 = 200. Ukizitatua pamoja, T1 ni 100 na T2 ni 173. Upande uliosimama zaidi ndio unaobeba zaidi, ingawa wengi hudhani ni ule mrefu. Ukiwa na mizani mbili za springi, zifunge kila upande usome mwenyewe.

Hesabu hii ya mwisho inahitaji fundo lililokazwa. Dumu likining'inia kwa ndoano laini inayoteleza juu ya kamba moja, mkazo ni uleule pande zote, na ndoano itateleza yenyewe hadi pembe mbili zilingane. Kwa hiyo kabla hujaandika T1 na T2, soma swali tena: pale katikati pamefungwa, au panateleza?