Kiwanda cha zamani cha korosho kuwa makao ya wazee: anzia sakafuni

Huku kwetu kusini mwa Tanzania majengo ya viwanda vya kubangua korosho tunayo, Mtwara mjini, Newala, Masasi, Nachingwea, Mtama, Lindi. Serikali iliyajenga miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine zikatoka Italia na Japani, alafu zao lenyewe likaporomoka, msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 ila 1986/87 hazikufika hata 20,000, viwanda vikalala. Vingine baadae vikawa maghala. Na waliobangua humo sasa ndo wazee, mama yangu mkubwa mmojawapo, vidole vyake vina alama za mafuta ya maganda mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniambia amepata jengo la hivo anataka kuweka makao ya wazee namwambia inawezekana, sisi kamati yetu tulifanya kwa jengo dogo tu, ila asianze na vitanda wala rangi.

Kabla ya fundi, makaratasi. Hakikisha hati ni ya nani kwasababu vingi viliuzwa kwenye ubinafsishaji, unaweza kukuta aliyekukabidhi funguo sio mwenye kiwanja. Ardhi ya kiwanda lazima ibadilishwe matumizi halmashauri kabla ya kibali cha ujenzi, na mapema kabisa kaa na afisa ustawi wa jamii, muoneshe mchoro ukiwa bado wa penseli, sio umeshapiga lipu. Zimamoto nao waite mapema. Kama jengo lako ni ghala la mawe la kule Mikindani, mji wa zamani wa pwani karibu na Mtwara, badala ya kiwanda cha zege, uliza kwanza watu wa Mambo ya Kale, wale wa serikali wanaolinda majengo ya kihistoria, sheria yao ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 na mengine yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa.

Haya, sakafu. Hapa ntakaa kidogo maana ndipo tulipopigwa. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi, kila mbanguaji anayajua, ndo maana walikuwa wanapaka majivu au mafuta ya nyonyo mikononi. Kiwanda kikifanya kazi miaka kadhaa yale mafuta yanazama kwenye zege, hasa sehemu ya kuchomea korosho na ya kubangulia, unaangalia unaona sakafu nyeusi tu umedhani ni uchafu. Fundi wetu alipiga deki akamwaga saruji ya kusawazisha juu, akaweka tailizi, baada ya miezi miwili zikaanza kuinuka moja moja na pembeni kunatoka kitu kama lami. Saruji haishiki kwenye mafuta jamani. Na mzee anayetembea pekupeku ngozi yake ni nyembamba kama karatasi, hayo sio mambo ya kubahatisha.

Sasa fanya hivi, kwangua yote yaliyo juu, mwaga maranda ya mbao yanyonye, fagia, rudia mara kadhaa, alafu osha kwa maji ya moto na sabuni nyingi. Mafundi wavae glavu na buti, na yale maranda yanashika moto haraka kwa hiyo yasilundikwe ndani. Maji ya kuoshea yasiende kwenye kisima wala mfereji wa mtaa. Ikikauka mwaga maji kidogo, yakikaa juu kama matone kwenye jani la mgomba jua bado mafuta yapo, hapo usibishane nayo, chukua tindo toa zege lote lililoshika rangi mpaka ufike kwenye la kijivu safi, ndo umwage jipya. Ni gharama kweli, ila ukishindwa kutoa zege la sehemu ya kuchomea basi isiwe vyumba, ifanye maegesho.

Juu nako angalia. Viwanda vingi vya miaka ile viliezekwa asbesto, ni yale mabati mazito ya kijivu ya mawimbi, yakikatika pembeni unaona nyuzinyuzi. Vumbi lake linaharibu mapafu na madhara yanakuja miaka mingi baadae. Usikubali vijana wapande na nyundo kuyavunja, usitoboe kupitisha waya, usifagie vipande vikiwa vikavu. Wasiliana na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wakuelekeze namna ya kuyatoa na kuyatupa, yanalowanishwa, yanafunguliwa mazima mazima, yanafungwa kwenye nailoni nzito. Wakati huo jengo liwe tupu, hata mlinzi asilale humo.

Kuta na nguzo, pita na nyundo ndogo ukigonga, mlio ukiwa mtupu kama debe ujue huenda nondo imevimba kwa kutu, hasa pwani ambako chumvi ya bahari inaingia, hapo lazima zege libomolewe kidogo, nondo isafishwe au iongezwe, mhandisi aseme. Kama ni jengo la matumbawe na chokaa usilipige lipu ya saruji, ukuta unashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani, lipu inadondoka. Boma la Mikindani la Wajerumani la 1895 sasa ni hoteli, kwa hiyo majengo ya namna ile kupewa kazi nyingine inawezekana, ila chokaa irudi kwa chokaa.

Sasa mpangilio wa ndani, mi natumia kipimo kimoja tu, mzee ameamka saa nane usiku anataka kwenda haja. Ukumbi wa kiwanda ni mkubwa na vyoo vya wafanyakazi vipo nje mwisho wa uwanja, yaani mita hamsini gizani! Kwa hiyo choo kimoja kwa kila vyumba viwili, mlango upana sentimita 90, ndani nafasi ya kiti mwendo kugeuka sentimita 150, choo cha kukaa na vyuma vya kushikia pande zote viwe vimeingia kwenye tofali, sio kwenye jipsamu. Taa ndogo iwake usiku kucha. Vizingiti vyote vitolewe. Yale majukwaa ya kupakilia magunia yanakaa kama mita moja juu, rampu yake kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo mita moja ni mita kumi na mbili na sehemu ya kupumzika katikati, watu wanakoseaga hapa wanaweka mteremko wa mikokoteni.

Kitu kingine cha kufikiria ni choo kinaelekea wapi. Huku Mtwara na Lindi kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, Makka iko juu yetu kwenye ramani, kwa hiyo bakuli la choo liangalie mashariki au magharibi, wazee wetu wengi Waislamu hawatakaa kwa amani vinginevyo. Na weka sehemu ya kutawadha mtu akiwa amekaa.

Madirisha fungua kusini na kaskazini, kusi ikivuma inapita, kaskazi ikivuma inapita. Ukigawa ukumbi kwa kuta zinazoishia kwenye silingbodi ya chini umetengeneza oveni. Acha paa la juu lipumue, lakini kila vyumba vitano sita weka ukuta wa tofali mpaka kwenye bati, moto usikimbie kwenye kenchi, na kila upande uwe na mlango wa kutokea unaofunguka kwa nje.

Maji, piga hesabu lita 100 kwa mtu kwa siku, wazee 25 ni lita 2,500, ya siku nne ni simtanki mbili za 5,000. Ukiwa na bati jipya paa la kiwanda ni neema, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, ila mvua zetu zinakuja Desemba mpaka Aprili tu, miezi mingine usizitegemee.

Na usijaze. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiweka familia mbele, makao ni kwa asiye na mtu kabisa, kwa hiyo jengo la kuingia watu 80 wewe weka 25, nafasi inayobaki fanya chumba cha ndugu kulala wakija, maana wapo wanaotoka Tandahimba na Liwale na basi la jioni halipo. Wahudumu wa kuogesha wawe wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, na awepo anayejua Kimakonde, Kimwera au Kiyao kutegemea ulipo, mzee akianza kusahau, mara nyingi Kiswahili ndo kinaondoka kwanza.

Bustani ya katikati ni nzuri lakini sisi tulijenga kibaraza kizuri ndani wakawa hawakai, wanajikokota mpaka getini. Tukahamisha benchi, tukaweka zenye mikono ya kujiinulia, zikiangalia barabara, msimu wa korosho magari ya magunia yanapita pale kutwa nzima na wao wanayahesabu.