Somo: Kupima misukosuko aliyopitia mtoto

Wenzangu wa Mtwara na Lindi, mmeomba somo hili, basi tuende hatua kwa hatua.

1. Kabla ya swali la kwanza, jua utampeleka wapi mtoto akikwambia anapigwa au anaingiliwa: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu 116, ambayo ni bure. Kama hujui, usimuulize kabisa. Kutonesha kidonda cha mtoto kisha ukaondoka zako ni ukatili.

2. Omba ridhaa ya mlezi, kisha ya mtoto mwenyewe. Mweleze mapema kwamba siri utaitunza, isipokuwa akiwa hatarini.

3. Tenganisha matukio (kufiwa, kuhama, wazazi kuachana) na madhila ya kila siku kama njaa, kipigo na matusi. Tukio lina tarehe. Madhila yana muda.

4. Hapa ndipo penye kazi. Mtoto wa miaka tisa hakwambii "Machi". Chora mstari kwenye karatasi, uweke alama anazozijua: Ramadhani, shule kufunguliwa, kimbunga Hidaya cha Mei 2024, msimu wa korosho. Muulize: "Baba aliondoka korosho zikiwa bado mtini, au mlikuwa mmeshaanza kuokota?" Atakuonyesha kwa kidole.

5. Kwa kila jambo uliza: limetokea mara ngapi, limekwisha au linaendelea, nani alikuwa naye, lilimuuma kiasi gani. Kwa hilo la mwisho mimi huweka korosho tano mezani, mtoto anasogeza anazotaka. Wengine husogeza moja kwa msiba na zote tano kwa kuhamishwa shule. Andika alichosogeza yeye, siyo unachodhani wewe.

6. Jumla ya alama, yaani idadi ya misukosuko uliyoandika, haitoshi. Watoto wawili wenye alama nne kila mmoja wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa, hasa mmoja akiwa na bibi anayemsikiliza.

Maswali ya wanachama

*Newala:* Shikamoo mwalimu. Naweza kutumia ACE-IQ, dodoso la Shirika la Afya Duniani la misukosuko ya utotoni, kwa mtoto wa miaka 12?
— Marahaba. Hapana, lilitengenezwa kwa watu wa miaka 18 na zaidi, wakumbuke utoto wao. Hata utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998, ulioanzisha hesabu hizi za misukosuko ya utotoni, uliwahoji watu wazima.

*Kilwa:* Unyago na jando tuviandike kama madhila?
— Usiamue wewe. Yupo aliyetoka akicheza ngoma kwa furaha, yupo aliyetoka na hofu. Uliza kilichotokea, kisha rudi kwenye korosho tano.

*Tandahimba:* Mama anasema mtoto hajapata shida, mtoto anasema amepata. Niandike lipi?
— Yote mawili, kila moja na mwenyewe, bila kuwapatanisha. Na usimrudishie mama maneno ya mtoto. Usiku huohuo anaweza kuchapwa kwa ajili yako.