Kabla ya Kumeza Kidonge cha Kwanza cha Vitamini D

Anza na damu. Uchovu na maumivu ya mifupa vina sababu nyingi; kinachoonyesha kama vitamini D imepungua kweli ni kipimo cha 25-haidroksi vitamini D. Majibu yakitoka, soma namba pamoja na kizio chake, maana 20 ng/mL ni sawa na 50 nmol/L, na chini ya hapo ndipo madaktari wengi huita upungufu. Mwenye 45 nmol/L amepungukiwa. Mwenye 45 ng/mL yuko sawa. Pima na kalsiamu na figo siku hiyohiyo.

Kwenye chupa nako kuna mtego. Mikrogramu 1 ni IU (vizio vya kimataifa) 40, kwa hiyo kapsuli ya mikrogramu 25 ni IU 1,000. Ile ya IU 50,000 ni ya wiki, si ya siku. Kwa kawaida mtu mzima huandikiwa moja kwa wiki kwa wiki 8, kisha IU 1,500 hadi 2,000 kila siku. Tatizo ni kwamba kapsuli hii ya wiki haina tofauti kubwa na vidonge vingine kwa sura, na mkono uliozoea dawa za asubuhi hauulizi. Chagua siku, tuseme Ijumaa, uiandike kwenye kifuniko. Ukisahau, meza ukikumbuka, usifidie kwa mbili. Bila usimamizi wa daktari, mtu mzima asivuke IU 4,000 kwa siku.

Matone ya watoto yanataka macho zaidi. Mtoto mchanga hupewa IU 400 kwa siku: chupa moja huzitoa kwa tone 1, nyingine kwa mililita 1. Mzazi akibadili chupa bila kusoma, siku moja humaliza dozi ya wiki kadhaa.

Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, basi meza na chakula chenye mafuta: mayai, parachichi, samaki wa nazi. Chai ya rangi tupu haisaidii.

Mweleze daktari kama una kifua kikuu, sarkoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vidogo, hasa kwenye mapafu) au mawe kwenye figo, au unatumia digoxini (dawa ya moyo), dawa za kifafa, au dawa za presha za kukojoza za kundi la thiazidi. Kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa: acha kumeza, kapime kalsiamu haraka. Vitamini D iliyozidi hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, na kalsiamu yaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa hata ukishaacha.

Rudia kipimo baada ya miezi 3, ikiwezekana maabara ileile.