Jinsi ya kukusanya nyaraka za Hartford Whalers, timu ya hoki ya barafuni ya Marekani iliyohama mji

Hartford Whalers waliwaaga mashabiki wao tarehe 13 Aprili 1997 kwa kuifunga Tampa Bay Lightning 2-1. Timu ikahamia North Carolina, ikawa Carolina Hurricanes. Vijitabu vya mechi, tiketi na barua walizokuwa nazo mashabiki zikabaki kwenye madroo ya watu. Mimi huzitafuta hivi.

Hatua ya 1: Jua historia kabla ya kutoa pesa. Timu ilianza kucheza mwaka 1972 Boston, katika ligi ya WHA (World Hockey Association), kwa jina la New England Whalers. Mwaka 1973 ikatwaa kombe la kwanza la ligi hiyo, na Januari 1975 ikaingia ukumbi mpya wa Hartford. Ilipojiunga na NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mwaka 1979 ndipo ikaitwa Hartford Whalers.

Hatua ya 2: Ipe karatasi tarehe yake. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, maana nyaraka nyingi hufika bila mwaka. Anza na nembo. Mkia wa nyangumi juu ya herufi W, na H iliyojitokeza katika nafasi tupu katikati, ni kazi ya Peter Good ya mwaka 1979. Barua yenye nembo hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kisha soma majina. Gordie Howe, mchezaji maarufu wa hoki, alichezea timu hii pamoja na wanawe, Mark na Marty, kuanzia 1977 hadi alipostaafu 1980. Tazama na uwanja: usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1978 paa la ukumbi wa Hartford liliporomoka kwa uzito wa theluji, timu ikahamishia mechi zake za nyumbani katika mji jirani wa Springfield hadi mapema 1980. Basi kijitabu chenye akina Howe watatu, uwanja wa Springfield na jina la New England ni cha kati ya 1978 na 1979. Umeipata tarehe yake bila kuuliza mtu.

Hatua ya 3: Muulize anayekupa, palepale. Nani alikuwa nacho, alikaa jukwaa gani, alikipataje? Andika kwa penseli kwenye bahasha, kamwe si juu ya waraka wenyewe. Ukichelewa wiki moja tu, utakuwa umesahau nusu.

Hatua ya 4: Toa pini zenye kutu. Geuza kijitabu, inua miguu ya pini kwa kisu chembamba butu, mmoja mmoja, kisha ivute taratibu kwa upande wa pili. Ukiing'oa kwa nguvu, karatasi itachanika pale kwenye alama ya kahawia. Selotepu na laminesheni zikae mbali kabisa. Vipande vya magazeti viweke peke yake, kwa kuwa asidi yake huchafua karatasi jirani.

Hatua ya 5: Skani pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi, hata upande ulio mtupu. Mashabiki walikuwa wakiandika wafungaji kwa penseli hafifu, na mara nyingi skana huyaona maandishi ambayo jicho limeyapita. Lipe faili jina linaloanza na mwaka, kisha uwanja, kisha aina: 1978_Springfield_kijitabu_01.